Nyama Usiyoijua Ilikotoka: Tuulize Nini, Tunyamazie Nini

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlio nyuma ya pazia, shikamooni. Vijana, hamjambo. Naishukuru kamati ya msikiti kwa kunipa nafasi hii baina ya Magharibi na Isha.

Nianze na watu wawili.

Wa kwanza ni binti anayesoma chuo, katika mkoa ambao Waislamu ni wachache. Nilimfundisha Juzuu Amma akiwa hajang'oa meno ya utoto. Alinipigia simu usiku. "Maalim," akaniambia, "huu mwezi wa pili sijatia nyama mdomoni. Kantini sijui nani anachinja. Kwa mama ntilie sijui. Juzi mwenzangu wa chumbani kapika kuku, kaniwekea sahani, nikamwambia nimefunga. Na sikuwa nimefunga, Maalim." Hapo akalia. Maharage ya miezi miwili hayakumliza. Kilichomliza ni ule uongo aliomwambia mtu aliyemkirimu.

Wa pili ni kijana wa mtaani kwetu. Huyu alinikabili barazani mbele ya watu: "Maalim, mnatutesa bure. Mtume (s.a.w.) mwenyewe kasema piga bismillahi ule. Mimi nakula popote." Na popote pake ni popote kweli, pamoja na ile baa ya njia panda ambapo kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, na mishikaki ya ng'ombe vinaokwa kwenye mkaa mmoja, vinageuzwa kwa koleo moja, vinakatwa juu ya gogo moja.

Nilipomuuliza binti kama anaijua hadithi ya Bi Aisha (r.a.), alinisomea yote kwa moyo, akasema, "Naijua, lakini nafsi haikubali." Kijana naye hadithi yake ni hiyohiyo. Mmoja imemshinda kumtuliza, mwingine ameifanya ruhusa ya kila kitu. Basi usiku huu tukae na hadithi hiyo taratibu.

Imepokewa na Imamu Bukhari. Bi Aisha anasimulia kwamba watu fulani walimwendea Mtume wakasema: Ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, kuna watu wanatuletea nyama, hatujui kama wameitajia jina la Mwenyezi Mungu au hawakulitaja. Akawajibu: *Sammuu 'alayhi antum wa kuluuh.* Litajeni nyinyi wenyewe jina la Mwenyezi Mungu, kisha kuleni. Halafu Bi Aisha anaongeza maneno ambayo wengi wetu tunayaruka. Anasema watu hao walikuwa ndio kwanza wametoka kwenye ukafiri.

Maneno hayo machache ndiyo ufunguo. Wenye kuleta nyama walijulikana. Walikuwa Waislamu, wageni katika dini, huenda bado wanababaika na adabu zake. Shaka haikuwa "nani kachinja?" wala "ni mnyama gani?" Shaka ilikuwa juu ya neno lililotoka, au halikutoka, mdomoni mwa Mwislamu mwenzao wakati hawapo. Mtume akaifunga shaka hiyo. Hakumtuma mtu akapeleleze. Hakuwaita wale Waislamu wapya awahoji mmoja mmoja. Aliwaacha na dhana njema, akawarudisha waulizaji kwenye jukumu lao wenyewe la kutaja jina la Mola wanapokula.

Kijana wetu anadhani bismillahi ile ya sahani inaosha nyama. Haioshi. Kibudu, mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, ukikisomea bismillahi mara mia kinabaki kibudu. Nguruwe ukimsomea Yasini nzima anabaki nguruwe.

Na hapa wanazuoni wetu wana kanuni inayowapotea watu wengi. Tumezoea kusikia kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Ni kweli: embe, samaki, mchele, shati, huna haja ya kuuliza. Lakini nyama ya mnyama wa nchi kavu imetolewa kwenye mlango huo. Mbuzi akiwa hai huwezi kumla. Akifa mwenyewe huwezi kumla. Kinachomhalalisha ni kitendo kimoja tu, kuchinjwa kwa njia ya kisheria, na kitendo hicho lazima kithibiti, au kiwepo cha kukutuliza kwamba kimefanyika. Ndiyo maana mafakihi wakasema asili ya nyama ni kukatazwa mpaka uchinjaji wake ujulikane.

Dalili yake mtaiona kwa Adiyy bin Hatim (r.a.), mtu wa kuwinda. Alimuuliza Mtume kuhusu mbwa wake wa mawindo. Akaambiwa: ukimtuma mbwa wako ukataja jina la Mwenyezi Mungu, kula alichokukamatia. Lakini ukimkuta mbwa mwingine pamoja na wako, usile, kwani wewe umelitaja jina la Mwenyezi Mungu juu ya mbwa wako, hukulitaja juu ya yule mwingine. Na ukikipiga kiwindwa kwa mshale ukakikuta kimeanguka majini, usile, hujui kama kilichokiua ni maji au ni mshale wako.

Tazameni. Hapa kuna shaka, na pale kwa Bi Aisha kuna shaka. Hapa kaambiwa usile, pale wameambiwa kuleni. Dini haijipingi. Kwa Adiyy, shaka iko kwenye sababu yenyewe ya kifo: ni jino la nani, ni maji au mshale. Kwa Bi Aisha, mkono unajulikana, kisu kinajulikana, kilichofichika ni kilichopita kwenye ulimi wa mchinjaji. Ya kwanza inaulizwa. Ya pili inanyamaziwa. Kama kuna kitu kimoja nataka mwende nacho nyumbani, ni tofauti hiyo: tuulize ni mnyama gani na mkono gani umemchinja, tusiuingie moyo wa mchinjaji.

Mtume mwenyewe aliuliza. Mwaka wa 7 baada ya Hijra, jioni ya kufunguliwa Khaybar, yaani Waislamu walipouteka mji ule wa Mayahudi, watu walikuwa wamechoka na wana njaa, wakawasha mioto mingi. Mtume akaiona. Akauliza: mioto hii ni ya nini? Wakasema: tunapika nyama. Akauliza tena: nyama gani? Sikilizeni swali hilo. Wakamwambia ni nyama ya punda wa kufugwa. Akaamuru vyungu vimwagwe na vivunjwe. Mtu mmoja akauliza kama wanaweza kumwaga na kuviosha tu. Akasema: au fanyeni hivyo.

Na katika Khaybar hiyohiyo, mwanamke wa Kiyahudi alimletea Mtume mbuzi wa kuchoma. Akala, na Sahaba zake wakala. Hakumuuliza kachinja nani wala alisema nini wakati wa kuchinja, maana watu wale walikuwa Ahlul-Kitabi, watu waliopewa Kitabu, na uchinjaji wao ulijulikana. Mbuzi yule alikuwa na sumu, na Bishr bin al-Baraa (r.a.) alikufa kwayo. Lakini nawauliza: baada ya msiba ule, Mtume alitoa amri kwamba tangu leo msile tena chakula cha Ahlul-Kitabi? Hakutoa. Hila ya mtu mmoja haikubatilisha hukumu.

Sasa niwaeleze kwa nini nasisitiza kuuliza. Mimi ni mtoto wa mchinjaji. Marehemu baba yangu alichinja kwa kuishi, na nilimshikia ng'ombe miguu kabla sijaota ndevu. Kisu alikinoa usiku, nyumbani, kwenye jiwe la maji, kisha anakijaribu kwenye ukucha wa dole gumba. Kikiteleza, anarudia. Asubuhi anakibeba kimefungwa kitambaa, na hakukitoa mbele ya macho ya mnyama hata siku moja. Alikuwa akinikumbusha hadithi ya yule mtu aliyemlaza kondoo huku ananoa kisu mbele yake, Mtume akamwambia: unataka kumuua mara mbili? Anaelekea kibla, bismillahi Allahu Akbar, na mkono unapita mara moja: koromeo la pumzi, umio wa chakula, na mishipa miwili ya damu pembeni. Kisha anasimama. Hatikisi shingo, hakati kichwa, hagusi ngozi mpaka mnyama atulie mwenyewe. Aliniambia, "Mwanangu, damu ina haki ya kutoka kwa muda wake."

Kwa hiyo damu naijua. Na siku moja, nikiwa kijana, nilitumwa kuku watatu wa shughuli kwenye soko moja ambalo silitaji. Nilifika mapema, kabla ya muuzaji kunitarajia. Nyuma ya kibanda kulikuwa na tenga lililofika usiku kwa lori. Kuku wa chini walikuwa wamekufa kwa joto na kubanana. Kijana mmoja anawatoa mmoja mmoja, anawapitisha kisu shingoni, anawatupa kwenye ndoo ya maji ya moto. Kuku aliyechinjwa hai anapiga mbawa, damu inaruka. Wale walilala kimya. Damu ilitoka matone, nyeusi, nzito kama dawa ya kikohozi. Wakinyonyolewa, ngozi ya shingo ni ya zambarau, mishipa ya chini ya bawa imejaa damu, nyama ya kidari nyekundu mahali inapotakiwa iwe nyeupe. Baada ya nusu saa walikuwa mezani pamoja na wazima, bei moja, wamepakwa manjano. Yule kijana alikuwa Mwislamu. Kisu chake kilikuwa kikali. Na huenda bismillahi aliisema.

Niliondoka bila kuku, na hata hivyo nilinyamaza. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaona haya kuwaambia watu wazima waliopanga foleni pale mbele. Siku ile sikutakiwa kunyamaza.

Tukio lile linawajibu wanaouliza, "Kwani si amechinja Mwislamu? Kuna la kuuliza tena?" Likiwepo la kuona kwa macho, lipo la kuuliza. Sura ya al-Maida, aya ya 3, imetaja mzoga, damu, nyama ya nguruwe, kilichochinjwa kwa jina la asiyekuwa Mwenyezi Mungu, kilichonyongwa, kilichopigwa, kilichoporomoka, kilichopigwa pembe, kilicholiwa na mnyama mkali, *illa maa dhakkaytum*, isipokuwa mlichowahi kukichinja. Mnayajua yanayotokea barabarani. Mbuzi kagongwa na gari, watu wanamkimbilia na kisu. Wakimkuta anapumua kwa nguvu, anarusha miguu, na damu ikaruka alipokatwa, huyo amewahiwa. Wakikuta jicho limeganda na damu inachuruzika tu, kisu kile kimekata maiti. Na nyama yake jioni itakuwa kwenye sufuria la supu mahali fulani.

Kuna nyama inayoficha zaidi, nayo ni ya kusaga. Januari 2013 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ireland ilitangaza matokeo ya kupima baga 27 zilizouzwa madukani kama nyama ya ng'ombe. Kumi zilikutwa na vinasaba vya farasi. Ishirini na tatu zilikutwa na vinasaba vya nguruwe. Mwezi uliofuata, Uingereza, Wizara ya Sheria ilisema chakula cha wafungwa kilichoandikwa halali kimekutwa na chembe za nguruwe. Farasi kwetu sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi si tatizo kwa jinsi yake. Bi Asmaa bint Abubakar (r.a.) amesema walichinja farasi zama za Mtume wakamla. Tatizo ni kwamba mtu anauziwa kitu kwa jina la kitu kingine, na aliyekichinja hajulikani. Kwa majirani zetu Kenya, Juni 2018, mtu mmoja alikamatwa Nakuru akichinja paka, naye akakiri kwamba nyama yao alikuwa akiwauzia watengeneza sambusa. Akafungwa. Na punda je? Machinjio ya punda yaliporuhusiwa nchini humo kwa ajili ya biashara ya ngozi, punda wakaanza kuibwa usiku na kuchunwa vichakani, mpaka Februari 2020 serikali ikatangaza kuyafunga. Mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi zao. Punda ni yuleyule wa Khaybar. Kwa hiyo sambusa, kababu, soseji, mtu ana haki ya kumuuliza muuzaji: nyama umesaga wewe? Umenunua pande au umenunua iliyokwisha sagwa? Ukishindwa kupata jibu la kueleweka, kuna kachori za viazi.

Kuku wa boksi anayetoka ng'ambo ni mlango mwingine. Ndugu zetu walioko Maskati na Dubai wanamjua sana, wengi wake wanatoka Brazil, nchi inayoongoza duniani kwa kuuza kuku wa halali nje. Kiwandani kuku huning'inizwa miguu juu kwenye mnyororo unaotembea, na mara nyingi kichwa hupitishwa kwenye maji yenye umeme ili azimie, kisha ndiyo kisu. Umeme ukiwa mdogo kuku anazimia tu, moyo unapiga, akichinjwa damu inatoka na hukumu yake inabaki. Ukizidi, moyo unasimama kabla ya kisu, na hapo tumerudi kwenye tenga la sokoni. Kwa kuwa wewe na mimi hatuwezi kusimama kwenye mnyororo ule, ndiyo ikahitajika taasisi inayosimama pale kwa niaba yetu na kuandika jina lake kwenye boksi. Hapa kwetu BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wanatoa ithibati ya halali, na kila nchi ina wake. Ukikuta neno "halali" peke yake, bila jina la aliyelithibitisha, hilo ni neno la muuza boksi. Ukikuta jina la taasisi inayojulikana, chukua, pika, kula. Usianze kuchunguza imani ya msimamizi wa zamu.

Na hapa buchani, yale maandishi ya wino ubavuni mwa ng'ombe mnayajua. Watu wawili hukosea kuhusu mhuri ule. Mmoja anasema, "Una mhuri, ni halali." Mwingine anasema, "Mhuri ni wa serikali, haunihusu." Mhuri ni wa mkaguzi: kaangalia ini, kaangalia mapafu, kaona nyama inafaa kuliwa na binadamu. Haukuambii nani kachinja. Lakini unakuambia kachinjwa machinjioni, si kichakani, na machinjioni mchinjaji anajulikana kwa jina na kwa sura. Ukijua wapi, umekaribia kujua nani.

Nije kwenye jambo zito, namna ya kuuliza.

Nchi yetu imezoea kwa miaka mingi kwamba nyama ya kuuzwa hadharani huchinjwa na Mwislamu, ili kila mtu ale. Mapema mwaka 2013 ada hiyo ilileta ugomvi Kanda ya Ziwa. Kule Buseresere, mkoa wa Geita, mwezi wa Februari, watu walipigana kwa sababu ya bucha, na mchungaji mmoja akauawa. Nawaomba tuyatafakari hayo bila kutafuta nani alianza. Damu ya binadamu ilimwagika katika ubishi wa damu ya ng'ombe. Mwislamu akikosa nyama iliyochinjwa anavyotaka, ana dagaa, ana sangara, ana maharage, ana mayai. Hakuna aya wala hadithi inayomruhusu kumwaga damu ya jirani kwa sababu ya nyama. Kujizuia ni kwako wewe na tumbo lako. Hukupewa kuwa fimbo ya kumpigia mwingine.

Kuhusu chakula cha Wakristo, aya ya 5 ya al-Maida iko wazi kwamba chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu. Wanazuoni wengi wameichukua kwa upana wake, na masharti yanabaki palepale: mnyama awe halali kwetu, akatwe shingo, damu itoke, asinyongwe, asitambikiwe. Katika madhehebu yetu ya Shafi kumewekwa sharti la ziada juu ya nani anahesabika kuwa Ahlul-Kitabi, sharti linalohusu lini wazee wake waliingia katika dini hiyo, na ndiyo maana masheikh wengi wa mwambao walijizuia. Mimi nimelelewa katika kujizuia huko na nimebaki nako. Lakini sijawahi kumwambia mtu aliyeshika rai ya wale wengine kwamba kala haramu, wala sitamwambia. Na wengi wenu mnajua, jirani zetu Wakristo wakiwa na harusi au msiba hutuma mtu aje amwite Mwislamu awachinjie, kwa ajili yetu tu. Mimi nimechinja kwenye ubatizo, nimechinja kwenye kipaimara. Wanapofanya hivyo wametukirimu. Halafu mtu anafika kwenye shughuli, kawekewa sahani na mwenyeji, anauliza kwa sauti mbele ya ukumbi, "Hii imechinjwa na nani?" Laa, ndugu yangu. Kama huna yakini, mfuate mwenyeji pembeni, mapema, kwa upole, muulize. Atakuambia, na atafurahi kuwa amekuandalia.

Akiwa mwenyeji wako ni Mwislamu, usiulize kabisa. Mtume amesema, katika hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad, kwamba mmoja wenu akiingia kwa ndugu yake Mwislamu akampa chakula, ale na asiulize habari zake. Bwana Umar (r.a.) alikuwa safarini na Amr bin al-'As, wakafika kwenye birika la maji. Amr akamuuliza mwenye birika: je, wanyama wakali huja kunywa hapa? Umar akasema: Ewe mwenye birika, usituambie. Imo katika Muwatta ya Imamu Malik. Umar hakuwa mtu wa kulegeza dini, mnamjua. Lakini aliona maji yako mbele yao, hayana rangi wala harufu ya uchafu, na swali lile lingefungua mlango usiofungika.

Mlango huo unaitwa wasiwasi. Nimewaona watu ulivyowafanya. Mama mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifika mahali haishi kuosha nyama, anaosha maji saba, anaililia, anaitupa. Mume kanunua bucha ya Mwislamu, kachinja Mwislamu, mama anasema, "Sijui kama alielekea kibla." Kuelekea kibla ni sunna. Kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kwa Imamu Shafi, ni sunna iliyosisitizwa, na Mwislamu akisahau nyama haiharibiki. Hata Maimamu walioliwajibisha, akina Abu Hanifa na Malik, wamemsamehe aliyesahau. Mambo haya yangesemwa katika nyumba ile mapema, mama yule asingeumia vile.

Sasa mtaniuliza nilimwambia nini binti yangu wa chuo.

Nilimwambia kesho aende kwa mkuu wa jiko la kantini, amsalimie, amuulize nyama wananunua wapi. Akaenda. Akaambiwa bucha ya stendi. Akaenda stendi, akamuuliza mwenye bucha, Mkristo, mzee wa heshima zake. Akamjibu: "Mwanangu, yote inatoka machinjio ya manispaa, anachinja mzee wa msikiti ule pale juu, nenda kamwone." Hakuwa na haja ya kwenda, lakini alikwenda, akamkuta mzee anakausha kisu. Alinipigia akiwa anacheka. Maswali mawili matatu, asubuhi moja, baada ya miezi miwili ya maharage.

Nikamuuliza, "Na mwenzako wa chumbani?" Akanyamaza. Nikamwambia amwendee amweleze ukweli, kwamba hakuwa amefunga, kwamba aliogopa kuuliza. Alifanya hivyo. Mwenzake akamwambia kuku yule alimnunua sokoni, na pale sokoni kuna kijana wa Kiislamu anayewachinjia wote kwa shilingi kidogo, kila anayenunua humpelekea. Ndivyo masoko yetu mengi yalivyo, na binti hakuwa na habari kwa sababu hakuwahi kununua kuku hai maishani mwake. Jumapili iliyofuata wamepika pamoja.

Na kijana wa baa? Nilimwambia njoo ukae nami barazani, nikakusomee hadithi ya Adiyy baada ya ile ya Bi Aisha. Yumo humu ndani leo, sitamtazama.

La mwisho ni tangazo. Jumamosi hii, baada ya swala ya Alfajiri, tutakuwa uwanjani nyuma ya madrasa na kuku kumi na mbuzi mmoja, kwa ajili ya kufundishana kuchinja. Kila kijana aje na kisu chake, na akinoe nyumbani, si pale. Mama zangu na dada zangu nanyi mje. Kuna mwanamke, kijakazi wa Ka'b bin Malik, alikuwa akichunga mbuzi pale mlima Sal' karibu na Madina, akamwona mmoja anakufa, akavunja jiwe lenye makali akamchinja kwalo. Wakamuuliza Mtume, naye akawaambia mleni. Nyumba ngapi hapa mtaani zina kuku, baba hayupo, na mama anasubiri kupita kwa mwanamume yeyote wa njiani amchinjie, hata kama hajui sala zake tano? Mje mjifunze. Nyama itapikwa papo hapo, na watoto wa madrasa watakula kwanza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.